Waimbaji wa Kipunji

Msafara ulikuwa umeshavuka mto Kiwira na kuanza kukwea mlima wa Isyonje, Tumpale alipogeuka kuitazama Rungwe mara ya mwisho, akakuta hakuna cha maana cha kutazama. Ule ukungu wa zamani uliokuwa ukikaa kileleni kama kilemba haukuwepo tena. Ulikuwepo mlima mkavu wa rangi ya ngozi ya ng'ombe, na msitu umebaki kwenye mabonde mawili matatu, kama nywele za mtu aliyenyolewa na mlevi.

"Acha kugeuka geuka," alisema Gwantwa, wifi yake, aliyekuwa kwenye usukani. "Ukitapika humu utafuta mwenyewe."

"Nani atapike?"

"Wewe. Harusini kwako ulitapika, tena hata gari halijawashwa."

Magari yalikuwa matatu na yote yalitembea kwa miguu. Barabara za upande ule zilizolewa na mafuriko siku nyingi, tairi zikabaki za kupandia maua mbele ya nyumba. Kila gari lilikuwa na miguu sita ya chuma, linapanda mawe taratibu kama kobe mwenye shughuli zake. Gwantwa aliliendesha la kwanza, na mengine mawili yakaliandama yenyewe bila dereva. La pili lilibeba kipunji kumi na tisa waliolala, na kipunji wengine hawakuwepo popote duniani. La tatu lilibeba mihogo, maji, vikapu, na Mzee Mwakatundu, baba yake Gwantwa, mtegaji ndege.

Mpango huo ulikuwa wa makusudi. Mzee Mwakatundu alikuwa baba mkwe wa Tumpale, na kwa Wanyakyusa wa kwao mke wa mtoto wako hakutazami usoni, hakai chumba kimoja nawe, na jina lako halitamki. Akikuona njiani anaingia shambani na kujifunika kanga mpaka upite. Miaka kumi na sita Tumpale alikuwa ameolewa, na alichokijua cha mzee yule ni kikohozi chake, harufu ya tumbaku yake, na nyayo zake kwenye tope. Maneno yao yalibebwa na Ipyana, mume wa huyu na mwana wa yule. Ipyana alipofukiwa na maporomoko mwaka wa nne wa mradi, maneno yakakosa mbebaji. Gwantwa wakati huo alikuwa Tunduma akiendesha mitambo. Alirudi miezi mitatu tu kabla ya safari hii.

Sasa, mradi wenyewe ulikuwa hivi.

Joto lilipopanda mlimani na baridi ikaisha, kipunji walianza kufa. Ni kima wa kahawia mwenye nywele zilizosimama utosini kama mtu aliyeshtuka usingizini, na hana kwao kwingine isipokuwa kule juu. Wataalamu wakaja na mashine ya usingizi. Mnyama analazwa kwenye sanduku, damu inapozwa, moyo unapiga mara nne kwa dakika, anasubiri hata miaka mia mpaka baridi irudi. Panya alilala vizuri, na mbuzi pia. Kipunji wakafa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na macho wazi.

Aliyegundua sababu ni Tumpale, ambaye shule aliiacha darasa la saba na kazi yake ilikuwa kufagia maabara. Alivaa ile kofia ya kusikilizia, inayomwezesha mtu kuhisi anachohisi mnyama, akakaa nayo kichwani asubuhi nzima. Alipoivua alisema, "Wanaogopa kimya."

Kipunji hana mlinzi wa kundi. Mlinzi wake ni shore, yule ndege mdogo wa msituni mwenye rangi ya majani mabichi, ambaye ukikaa dakika tano chini ya mti wowote utamsikia. Shore akimwona tai ananyamaza, na akiwa salama anaimba. Kipunji anakula, anapiga chafya, ananyonyesha, sikio moja liko kwa shore. Shore wakinyamaza wote, kipunji anajua kifo kimefika. Walijaribu kuwapigia wimbo uliorekodiwa, haukusaidia, maana kipunji hata katika usingizi ule alijua sauti isiyo na mtu ndani.

Basi wakafunga ndege hai. Waya mwembamba kama uzi wa buibui ulitoka kwenye kichwa cha shore mpaka kichwani kwa kipunji, shore wawili kwa kipunji mmoja, usiku na mchana, wanaimba shwari. Ndege aliyefungwa halali. Akimaliza siku kumi na mbili anakufa, anafungwa mwingine, kwa sababu ukimchomoa waya anakufa papo hapo. Hakuna aliyeona tatizo. Shore walikuwa tele kama nzi wa sokoni, na katika orodha ya viumbe wa kulindwa hawakuandikwa hata kwa penseli. Tumpale akapewa cheo cha Mlinganishi. Kazi yake ikawa kuvaa kofia kila wiki na kuandika kama usingizi unafanana na wimbo. Mtegaji akawa baba mkwe wake, kwa sababu hakuna aliyejua ulimbo na mluzi kama yeye. Hivyo miaka sita, mpaka mlima ulipokauka ikaamriwa masanduku yahamishiwe Kitulo.

*

Walifika Kikondo mchana, na kwenye ubao wa gari la kwanza taa saba za kipunji zikawa za njano.

Tumpale alishuka akakimbilia gari la pili. Alipofungua mlango wa safu ya waimbaji alijua kabla hajaona. Mtikisiko wa njia ulikuwa umewamaliza. Kati ya ndege thelathini na wanane, kumi na wanne tu walikuwa bado wanafungua midomo. Wengine walining'inia kwenye waya zao, wepesi kama maganda ya vitunguu.

"Wifi!" aliita. "Nenda kamwambie baba naomba kikapu cha akiba. Haraka."

Gwantwa alikwenda, akarudi mikono mitupu.

"Anasema hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna ndege. Wapo kumi na mmoja, anasema ndio wa mwisho, na hao hatoi."

"Hatoi? Mwambie huu si mchezo. Taa zikiwa nyekundu ndiyo basi."

Gwantwa akaenda. Magari yalikuwa yameachana kama hatua hamsini, na njia yenyewe ni mawe. Akarudi anahema.

"Anasema hata zikiwa zambarau."

"Amesema hivyo?"

"Kasema nyekundu. Zambarau nimeongeza mimi, miguu inaniuma."

"Wifi, tafadhali. Muulize basi akiba iko wapi. Kwenye karatasi imeandikwa vikapu viwili."

Safari hii Gwantwa alikawia. Tumpale alimwona kwa mbali amesimama kwenye mlango wa gari la tatu, kichwa chini, mkono kiunoni, halafu mkono umeshuka. Aliporudi hakuwa na mzaha.

"Anauliza kama unakumbuka vikapu vya nusu."

Tumpale alivikumbuka sana. Ulikuwa ule mwaka aliofiwa. Kikapu kilichozoea kufika kimejaa, kikaanza kufika nusu, kimefunikwa vizuri, kimewekwa mahali pake, lakini nusu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Hakuwa na wa kumtuma kuuliza. Mtu wa nje habebi neno kati ya mkwe na mkwe, kwao ni aibu isiyofutika. Basi alikaa na kikapu akakisoma kama barua, akasoma alivyoweza. Mzee amefiwa na mwanawe, amechoka, mikono haifanyi kazi. Akaandika kwa mradi: *Mtegaji amezeeka. Naomba nyavu za kuruka.* Nyavu zikaletwa, mashine ndogo zinazopita juu ya miti na kuzoa kila chenye bawa, na vikapu vikajaa tena mwaka mzima.

"Navikumbuka," alisema.

"Anasema ile nusu nyingine alikuwa anaiachia mwenyewe. Anawakamata wote, wale majike wenye mayai na makinda anawarudisha mtini. Nusu tupu ndiyo lilikuwa neno lake kwako. Kwamba wanaisha, punguza." Gwantwa alijifuta jasho kwa kiganja. "Anasema alidhani utaelewa. Mtu mwenye mashine ya kusikia mpaka ndoto za kima, alidhani kikapu hakitakushinda."

Tumpale alikaa kwenye ngazi ya gari, akaitazama mikono yake kama imeletwa na mtu mwingine.

*

Daktari Kiwelu, mkuu wa mradi, alisikika redioni kutoka mjini, sauti imejaa usingizi wa mchana.

"Unao kumi na mmoja? Vizuri. Funga hao kumi na mmoja sasa hivi. Pamoja na hao kumi na wanne wanatufikisha Kitulo. Pale utakuwa na siku kumi mkononi."

"Na baada ya siku kumi, Daktari?"

"Mwimbaji wa bandia yuko tayari. Amebakiza majaribio."

"Miaka sita amebakiza majaribio."

"Safari hii ni kweli, mama. Mwezi mmoja. Labda wiki tatu."

"Siku kumi na wiki tatu havilingani."

"Tutakamata shore wengine."

"Hakuna wengine. Hawa ndio wa mwisho."

Redio ilikwaruza kama ina mchanga ndani.

"Nani kahesabu?" aliuliza Daktari Kiwelu.

"Mtegaji."

"Mzee mmoja, kwa macho. Tumpale, sikiliza. Kipunji tuna namba zao, damu yao, majina yao. Yule jike mkubwa mmemwita nani?"

"Mkunga."

"Eeh, Mkunga. Dunia nzima inamjua Mkunga. Shore ni shore tu."

"Sheria inasema aliye adimu zaidi ndiye anayeokolewa kwanza. Kumi na mmoja ni wachache kuliko kumi na tisa."

"Sheria inasema aliye adimu katika *orodha*. Shore hayumo kwenye orodha, kwa hiyo hesabu yake haipo. Wafunge. Na ukinifungulia wale kima kabla ya kunisikia, nitakushitaki mwenyewe, kwa mkono wangu."

Taa za njano zikawa kumi na mbili.

*

Ilikuwa bado kazi yake. Alivaa kofia akaingia kwanza kwa Mkunga.

Kulikuwa na ujani. Usingizi wa kipunji haukuwa na picha, ulikuwa na uzito wa kitu kilichowahi kulala mgongoni na joto la jua lililopita kwenye majani. Mkunga alikuwa na mtoto aliyekufa kabla ya mradi, naye usingizini alikuwa bado anampekua chawa, taratibu, nywele baada ya nywele. Miaka sita alikuwa kwenye bega lile lile la mtoto. Kwa mbali shore alikuwa akisema shwari, shwari. Sauti ilikuwa imepungua, na bega la mtoto likaanza kukakamaa.

Akahamisha waya, akaingia kwa mwimbaji aliyekuwa amefungwa siku ya tisa.

Kwa miaka sita aliandika kwenye karatasi zake kwamba wimbo unafanana na usingizi. Ulifanana kweli. Ila siku zote alikuwa akisikiliza wimbo tu, kwa sababu ndio waliotaka ausikilize. Leo akaacha wimbo upite, akatafuta nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na tai. Ndege yule alikuwa anamwona tai tangu dakika ya kwanza ya waya, juu yake kabisa, kucha wazi, na kila alipotaka kunyamaza ili ndugu zake wajue, waya ulimfungua mdomo akaimba shwari. Siku tisa. Alikuwa anawaambia uongo wa kuwaua watu wake wote, na anajua.

Tumpale alivua kofia. Alijaribu kuwapima, kama cheo chake kilivyotaka. Huku kuna mama mmoja kwenye bega la mwanawe, huku kuna kiumbe mdogo kama ngumi anayelazimishwa kusema uongo. Aliweka hili, akaweka lile. Kila alipoliweka moja aliona jingine linazidi. Kitu kimoja tu kilikuwa hakipimiki kwa kofia, nacho ni kama mzee anasema kweli. Akikosea mzee, basi mlimani kuna shore maelfu na yeye atakuwa amewaua kipunji wote wa dunia kwa ajili ya kikapu kimoja. Hakuwa na karatasi wala namba. Lilikuwepo neno la mtu ambaye hajawahi kumwona uso, na ambaye mara ya mwisho alipomtumia neno, yeye alilisoma kinyume.

Akafunga kanga kichwani mpaka puani, akashuka, akaanza kutembea kuelekea gari la tatu.

"Wewe!" alipaza sauti Gwantwa. "Unakwenda wapi? Niambie mimi nipeleke!"

"Umechoka miguu."

"Haijachoka! Nilikuwa natania! Tumpale, utatulaanisha!"

Alifika gari la tatu akaligeuzia mgongo. Alisimama hivyo, anatazama mawe, na ndani ya gari kikohozi kikakatika katikati.

"Shikamoo baba," alisema.

Upepo ulileta vumbi kutoka mashamba ya viazi.

"Marahaba," ilisema sauti, ndogo kuliko alivyodhani siku zote.

"Nimekuja mwenyewe. Kosa ni langu. Naomba kuuliza jambo moja tu."

"Uliza, mwanangu. Limeshaharibika, uliza."

"Hao kumi na mmoja. Umejuaje ndio wa mwisho?"

Alisikia kikapu kikisogezwa, na ndani yake mchakacho wa mabawa.

"Siku arobaini nimepita kila bonde la mlima ule," alisema Mzee Mwakatundu. "Kila asubuhi napiga mluzi wa jike. Dume wa shore hawezi kuunyamazia huo, hata awe anakula. Na jike akisikia mwenzake anakuja kugombana. Zamani ukipiga mara moja unajibiwa mpaka unajuta. Safari hii nimejibiwa mara kumi na moja. Waliojibu ndio hawa. Nimewakamata niwatoe, nyavu zenu zisiwakute. Waliobaki kule ni miti."

"Kwa nini hukunitumia neno?"

"Nilituma kikapu."

Tumpale aliuma kanga.

"Nikiwafungua kima," alisema, "wataamka kwenye kimya. Watakufa kwa hofu kabla ya joto."

"Wengine watakufa."

"Baba, unaweza kuwapigia mluzi? Wa shwari?"

"Mimi si ndege, mwanangu. Watajua."

"Wanaujua mtambo. Wewe uko hai."

Mlango wa gari ukalia, na nyayo zikashuka nyuma yake, zikapita pembeni kwa mbali ili asimwone. Tumpale alifumba macho hata hivyo.

*

Chini ya Kikondo kuna bonde lenye kipande cha msitu ambacho wakulima walikiacha kwa sababu ya mteremko. Gwantwa alilishusha gari la pili mpaka pale, analia na kutukana kwa pamoja. Mzee alifungua kikapu kwanza. Shore kumi na mmoja walitoka, wakaingia majanini, wakanyamaza wote.

Tumpale akakata baridi kwenye masanduku, moja moja, akianza na la Mkunga. Mzee Mwakatundu alikaa kwenye jiwe upande wa pili wa gari, akaanza mluzi. Ilichukua saa tano kuwaamsha wote. Alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka, akafuta damu kwa mkono wa shati, akaendelea. Wa mwisho kuimba kati ya wale kumi na wanne wa kwenye waya alikufa jua likiwa bado juu.

Kipunji wanane hawakuamka. Wengine kumi na mmoja waliamka. Watatu kati yao walitoka wakatembea hatua chache wakaanguka. Wanane wakapanda miti.

Daktari Kiwelu alimshitaki Tumpale kama alivyoahidi. Alifungwa miaka mitatu, na alipoulizwa mahakamani ni hesabu ipi aliyoitegemea alijibu ya mtegaji, watu wakacheka. Mwimbaji wa bandia alikamilika mwaka wa pili wa kifungo chake na alifanya kazi vizuri. Hakukuwa na wa kumwimbia. Daktari Kiwelu alihamishiwa pwani kwenye mradi wa kasa.

Mzee Mwakatundu alitoa ng'ombe kuiosha ile aibu ya kuzungumza na mkwe, na ndugu wa Tumpale wakatoa mwingine. Midomo yake haikupona vizuri, hakupiga tena mluzi. Alikufa Tumpale akiwa bado ndani. Gwantwa alirudi Tunduma, akaolewa na fundi mitambo, wakaachana, akaendelea kuendesha. Tumpale alipotoka alikwenda kuishi Kikondo, analima viazi.

Shore walionekana bondeni mwaka wa kwanza, jozi mbili. Mwaka wa nne wakulima walisema wanasikia ndege wengi, lakini hawakujua ni ndege gani, na hakuna mtaalamu aliyefika kuangalia.

Wale kipunji wanane walipungua kila kiangazi. Mwaka wa tano jike mmoja mzee alikutwa amekufa kwenye shamba la mahindi. Mwenye shamba hakuwahi kuona mnyama wa namna ile. Alimfukia kwenye mpaka wa shamba, akaenda kutoa taarifa, na mtendaji wa kijiji akaandika kwenye daftari: mnyama mmoja, aina haijulikani.